Miaka Elfu na Mpangilio wa Mambo: Rai za Wakristo juu ya Mwisho wa Nyakati katika Busia na Tororo

UTANGULIZI

Msafiri atokaye Kenya kwenda Kampala huvuka mpaka ama Busia ama Malaba, na akiisha kuvuka Malaba haukawii kumtokea ule mwamba mkubwa wa Tororo. Nchi hii ni ya watu wa makabila mengi: Wateso wako pande zote mbili za mpaka, Wasamia vivyo hivyo, na karibu nao wamo Wakhayo, Wamarachi, Wagwe na Wapadhola. Lugha za nyumbani ni nyingi, lakini lugha ya sokoni, ya kituo cha mabasi na ya mkutano wa injili wa hadhara mara nyingi ni Kiswahili.

Katika mikutano hiyo maneno fulani husikika tena na tena: unyakuo, dhiki kuu, Mpinga Kristo, parapanda, miaka elfu. Msikilizaji mgeni huweza kudhani ya kuwa wahubiri wote wasema jambo moja. Sivyo. Wawili waweza kushika Biblia ile ile, tafsiri ile ile ya Kiswahili, wakaufungua mlango ule ule, na kila mmoja akatoka na taarifa yake juu ya yale yatakayotokea.

Nia yetu katika makala haya si kuhukumu ni nani kati yao aliye na haki. Hiyo ni kazi ya wanateolojia na ya dhamiri ya kila mwumini. Twataka kueleza rai hizo zilikotoka, zinavyoachana, na jinsi zilivyofika mpakani; kisha tuonyeshe ya kuwa kiini cha hitilafu yote ni mpangilio wa matukio, yaani lipi kabla na lipi baada. Hilo ni jambo ambalo sisi tufundishao Kiswahili twalishughulikia kila siku darasani, wala si dogo. Watu wameishi na wengine wamekufa kwa ajili yake.

MLANGO MMOJA, NJIA NYINGI

Asili ya mjadala ni mlango wa 20 wa Kitabu cha Ufunuo. Humo mwaelezwa ya kuwa Shetani atafungwa kwa muda wa miaka elfu, na ya kuwa watakatifu watatawala pamoja na Kristo muda huo huo. Swali ni hili: Kristo atarudi lini, ukilinganisha na miaka hiyo elfu?

Wako wasemao ya kuwa atarudi baada yake, injili ikiisha kuenea na kuitengeneza dunia. Wako wasemao ya kuwa miaka elfu si hesabu bali ni mfano, na kwamba ni zama hizi hizi za Kanisa. Rai hii ya mfano ndiyo iliyotiwa nguvu na Augustine wa Hippo (354–430), na baadaye ikashikwa na Kanisa Katoliki na sehemu kubwa ya makanisa yaliyozaliwa na Matengenezo ya karne ya 16. Kwa Wakatoliki jambo hili lilisemwa waziwazi katika mwaka 1944, Roma ilipotamka kuwa mafundisho ya Kristo kuja kutawala hapa duniani kwa namna ya kuonekana, kabla ya hukumu ya mwisho, hayawezi kufundishwa kwa usalama.

Kundi la tatu, ambalo ndilo tunalolichunguza, lasema ya kuwa Kristo atarudi kabla ya miaka elfu. Tutaziita rai zao rai za “kabla”. Msomaji asidhani ya kuwa wakiisha kukubaliana juu ya neno hilo moja wamekubaliana katika yote. Ndani ya nyumba hii mna vyumba kadhaa.

CHUMBA CHA KWANZA: RAI YA KALE

Rai iliyo kongwe kupita zote yapatikana kwa walimu wa Kanisa wa karne ya pili: Papias, Justin aliyeuawa kwa ajili ya imani, na Irenaeus wa Lyon. Hawa walitazamia ufalme wa Kristo hapa duniani baada ya kurudi kwake. Waliandika katika zama ambazo Kanisa liliteswa na dola ya Rumi, kwa hiyo dhiki kwao haikuwa habari ya mbali.

Kwa mpangilio wa rai hii, Kanisa litapita katika dhiki kuu. Kisha Kristo atarudi mara moja tu, kwa kuonekana. Watakatifu waliokufa watafufuliwa. Ndipo miaka elfu ianze. Na mwisho wake wengine wote watafufuliwa na kuhukumiwa. Katika karne ya 20 aliyeitetea sana alikuwa mwalimu Mmarekani George Eldon Ladd (1911–1982). Neno lake kubwa ni uvumilivu: mwumini asitazamie kuepushwa na dhiki, bali atazamie kutunzwa ndani yake.

CHUMBA CHA PILI: UNYAKUO WA SIRI

Chumba cha pili ni kipya, lakini ndicho kilichojaa watu. Katika miaka ya 1830 John Nelson Darby (1800–1882), aliyekuwa kasisi wa Kianglikana nchini Ireland kabla ya kujiunga na Ndugu wa Plymouth, alifundisha ya kuwa historia imegawanyika katika vipindi ambavyo Mungu ameshughulika na wanadamu kwa namna mbalimbali, na ya kuwa Israeli na Kanisa ni mataifa mawili ya Mungu yasiyochanganywa. Kutokana na hayo aliligawa tukio la kurudi kwa Kristo katika sehemu mbili. Kwanza, Kristo atakuja hewani na kulinyakua Kanisa. Baada ya hapo itafuata dhiki ya miaka saba, hesabu itokanayo na juma la mwisho katika mlango wa 9 wa Danieli. Mwisho wa miaka hiyo saba atarudi mbele ya macho ya watu wote, ndipo atawale miaka elfu kutoka Yerusalemu.

Mafundisho haya yalienezwa sana na Biblia yenye maelezo ya pambizoni iliyotayarishwa na Mmarekani Cyrus Scofield na kuchapishwa mwaka 1909. Msomaji wa kawaida alikuta maelezo na maandiko katika ukurasa mmoja, na si ajabu wengi walisoma yote mawili kwa heshima moja. Wapentekoste, ambao vuguvugu lao lilianza kupata nguvu miaka hiyo hiyo, waliupokea mpangilio huu kwa wingi. Wako pia waliosogeza unyakuo katikati ya ile miaka saba, lakini hao hawakuwa wengi. Neno kubwa la rai hii ni utayari: unyakuo hauna dalili ya kuutangulia, kwa hiyo waweza kuwa usiku huu.

CHUMBA CHA TATU: MIAKA ELFU MBINGUNI

Chumba cha tatu ni cha Waadventista Wasabato. Chanzo chake ni mahubiri ya mkulima Mmarekani William Miller, ambaye kwa hesabu za kitabu cha Danieli aliwafanya maelfu wamtazamie Kristo. Na tarehe iliyokubaliwa na wengi wao hatimaye ilikuwa 22 Oktoba 1844. Siku hiyo ikapita. Baadhi ya waliobaki waliyasoma upya maandiko yao, wakakaa katika msimamo wa kutoweka tarehe ya kurudi kwa Kristo, na mwaka 1863 wakaunda kanisa.

Kwa mpangilio wao hakuna unyakuo wa siri. Kristo atarudi mara moja, kila jicho likimwona, baada ya wakati wa taabu. Wenye haki waliokufa watafufuliwa, na pamoja na walio hai watachukuliwa mbinguni, na huko ndiko watakakokaa miaka elfu. Dunia itakuwa tupu na ukiwa, Shetani amefungwa ndani yake bila mtu wa kumdanganya. Miaka hiyo ikiisha, mji mtakatifu utashuka, waovu watafufuliwa na kuteketezwa kabisa, na dunia itafanywa upya. Hivyo Waadventista ni watu wa “kabla” kama wenzao, lakini miaka elfu yao haiko mahali pale pale.

Twaweza kutaja kwa kifupi Mashahidi wa Yehova, ambao wakristo wengine hawawahesabu katika kundi lao. Wao husema ya kuwa Kristo alianza kutawala mbinguni bila kuonekana mwaka 1914, na wanatazamia vita vya Har–Magedoni, kisha miaka elfu ambayo dunia itageuzwa paradiso.

ZILIVYOFIKA MPAKANI

Mpaka wenyewe si wa kale. Hadi mwaka 1902 nchi yote ya magharibi ya Kenya ya leo ilikuwa sehemu ya Uganda. Mwaka huo ikatiwa katika himaya ya Afrika ya Mashariki ya Kiingereza. Watu wa ukoo mmoja wakajikuta chini ya tawala mbili. Makanisa nayo yalikuja kwa njia mbalimbali. Kwa upande wa Tororo Wakatoliki walihudumiwa na mapadri wa Mill Hill, na Tororo ikaja kuwa makao ya askofu, na tangu mwaka 1999 ya askofu mkuu. Waanglikana nao walienea pande zote mbili. Makanisa haya mawili makubwa yalifundisha ya kuwa Kristo atarudi kuwahukumu walio hai na waliokufa, bila kuhesabu miaka elfu kama kipindi kijacho. Hata miongoni mwa makanisa ya kiinjili hapakuwa na sauti moja: Kanisa la Mungu, lenye makao Kima katika Bunyore, kwa mapokeo yake halifundishi ufalme wa miaka elfu hapa duniani.

Rai za “kabla” zilikuja kwa milango mingine. Waadventista walifika Gendia, karibu na Ghuba ya Kendu, mwaka 1906, wakiongozwa na Arthur Carscallen kutoka ng'ambo na Peter Nyambo kutoka Malawi. Na upande wa Uganda walianza kazi Nchwanga mwaka 1927. Wapentekoste wa Kanada waliishika misheni ya Nyang'ori, kati ya Kisumu na Kakamega, katika miaka ya 1920, na kutoka huko mahubiri ya unyakuo yakasambaa magharibi yote ya Kenya. Kanisa lenye jina lile lile la Pentecostal Assemblies of God likaota mizizi Uganda pia. Kutoka shina hilo hilo la Nyang'ori alitoka Daudi Zakayo Kivuli, aliyeanzisha African Israel Church Nineveh mwaka 1942.

Lakini tusiseme ya kuwa wazo la zama kugeuka ghafula lililetwa na wageni tu. Mwaka 1913 huko Alego, jirani na Busia, Onyango Dunde alitangaza habari za Mumbo, nyoka mkubwa wa ziwani, ya kuwa Wazungu watatoweka na waaminio watapata neema tele. Huo haukuwa Ukristo, nao haukuwa na hesabu ya miaka elfu. Hata hivyo waonyesha ya kuwa watu waliobanwa na utawala mpya walikuwa tayari wana swali moyoni: taabu hii itakwisha lini, nasi tutakuwa wapi siku hiyo?

MIZANI YA MWAKA 1977

Kwa miaka mingi tofauti za vyumba hivi zilikuwa maneno ya mimbarini tu. Kisha zikawekwa katika mizani. Mwaka 1973 serikali ya Idi Amin ilipiga marufuku madhehebu kadhaa nchini Uganda. Tarehe 16 Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum wa Kanisa la Uganda aliuawa. Mwezi Septemba mwaka huo huo madhehebu mengine 27 yakapigwa marufuku, Wapentekoste na Waadventista wakiwamo. Yaliyobaki na ruhusa ni Uislamu, Kanisa Katoliki, Kanisa la Uganda na Waorthodoksi.

Hebu msomaji aitazame ramani. Upande wa Tororo ibada ya Mpentekoste ilikuwa kosa. Upande wa Kenya, mwendo wa dakika chache, Mpentekoste mwenzake aliimba kwa sauti kuu. Kama hii ndiyo dhiki, mbona inakomea kwenye kizuizi cha barabara? Na kama unyakuo hutangulia dhiki, mbona wateswao wangalipo?

Kila rai ilikuwa na jibu, na majibu hayo ndiyo yanayotufunza tofauti zao kuliko michoro yo yote. Mwenye rai ya kale husema: Kanisa limepita katika dhiki tangu Rumi, wala hakuna jipya, vumilia. Mwadventista husema: wakati wa taabu umetabiriwa, na sheria za kuzuia ibada hazitushangazi, shika amri. Mwenye rai ya unyakuo hana budi kupambanua: hii ni dhiki, bali si ile Dhiki Kuu. Tazama jinsi mzigo wote wa mafundisho ulivyokalia kivumishi kimoja, “kuu”. Mtu ambaye hakufundishwa kupambanua hivyo aweza kuingiwa na hofu ya kutisha ya kuwa unyakuo umekwisha kupita naye ameachwa. Aliyefundishwa aweza kusimama.

Utawala wa Amin ulianguka Aprili 1979, na makanisa yakafunguliwa. Wasomaji wa “kabla” wa aina zote walitoka wakiwa hai, na dunia ingalipo. Somo twalionalo ni kwamba rai juu ya mwisho haijaribiwi kwa uhodari wa hesabu zake, bali kwa namna inavyomwezesha mtu kuishi siku ambayo si ya mwisho.

MANENO YENYEWE

Sasa tugeukie lugha, maana hapo ndipo penye kazi yetu.

Yatazame majina matatu: ufunuo, ufufuo, unyakuo. Yote yameundwa kwa njia moja kutoka katika vitenzi funua, fufua na nyakua. Mawili ya kwanza ni ya zamani katika Biblia ya Kiswahili. La tatu ni jina la mafundisho zaidi kuliko la maandiko. Kitenzi chake chapatikana katika waraka wa kwanza kwa Wathesalonike, mlango wa 4. Mwenye kufuga kuku alijua neno hili kabla ya kuwa mwanafunzi wa unabii, maana mwewe hunyakua kifaranga. Laleta picha ya ghafula na ya nguvu. Lakini neno “siri” halimo ndani ya kitenzi hicho. Laongezwa na mhubiri. Kwa kweli aya inayotangulia hapo yataja parapanda, chombo ambacho sifa yake ni kelele. Wenye rai ya kale na Waadventista hulisisitiza jambo hili, na wenye rai ya unyakuo wa siri hulijibu kwa njia zao.

Kuna maneno yaliyotoka katika Kiarabu: dhiki, kiyama, elfu. Kwa hiyo Mwislamu aliyeko sokoni Busia hasikii lugha ngeni akisikia habari za kiyama. Naye katika mapokeo yake anatazamia kurudi kwa Nabii Isa na kushindwa kwa Dajali. Watu wawili wa dini mbili hutumia neno moja kwa mpangilio mbalimbali.

Lakini lililo kubwa kuliko yote ni kiambishi -ka-. Twawafundisha wanafunzi ya kuwa -ka- huonyesha tendo lifuatalo tendo: akaamka, akanawa, akaenda. Mlango wa 19 wa Ufunuo una habari za Kristo kuja juu ya farasi mweupe, na mlango wa 20 waanza na mwandishi kusema ya kuwa “nikaona” malaika akishuka. Katika Kiyunani mahali hapo pana kiunganishi cha kawaida tu, mfano wa “na” yetu. Kiswahili, kwa kutumia -ka-, chamsukuma msomaji kuona mfuatano: kwanza Kristo aja, kisha miaka elfu. Msomaji wa Kiswahili, kabla hajamsikia mhubiri ye yote, amekwisha kuegemea upande wa “kabla”.

Je, sarufi imeamua mjadala? La. Tuangalie vizuri ni tendo gani lililobeba kiambishi hicho. Ni tendo la kuona. Nikaona, nikaona, nikaona: huo ni mfuatano wa maono ya Yohana, wala si lazima uwe mfuatano wa matukio aliyoyaona. Mtu aweza kusema, “Niliona picha ya mzee, kisha nikaona picha yake akiwa mtoto.” Utaratibu wa kuona ni mmoja, utaratibu wa maisha ni mwingine. Watu wa “kabla” husema ya kuwa hapa taratibu hizo mbili zakwenda pamoja. Wafuasi wa Augustine husema ya kuwa mlango wa 20 warudi nyuma na kusimulia upya. Wote wawili waweza kusimama juu ya sarufi. Asiyeweza kusimama ni yule asemaye ya kuwa hakuna swali.

HATARI YA TAREHE

Rai zote tulizozieleza zina maandiko yale yale ya Injili yasemayo ya kuwa siku na saa hakuna aijuaye. Hapo ndipo penye mpaka kati ya imani na maangamizi. Tarehe 17 Machi 2000 huko Kanungu, kusini-magharibi mwa Uganda, mamia ya wafuasi wa kundi lililojiita la Kurejesha Amri Kumi za Mungu waliteketea kanisani mwao, baada ya tarehe waliyoahidiwa kupita. Kundi hilo lilizaliwa katika njozi za Bikira Maria, si katika vyumba vyetu vitatu. Mwaka 2023 katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi nchini Kenya, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa, ya watu walioelezwa kuwa walifunga hadi kufa ili wakutane na Yesu.

Yafaa tuseme kwa haki: hakuna hata rai moja kati ya zile tatu inayomwamuru mtu aiharakishe siku hiyo. Rai ya kale husema vumilia, ya pili husema uwe tayari, ya tatu husema shika amri. Vitenzi vyote vitatu vyamwacha mwumini shambani mwake, watoto wake wakila na kwenda shule. Mhubiri akianza kusema acha shamba, toa mtoto shule, usile, huyo ametoka nje ya nyumba, hata kama midomo yake ingali yataja unyakuo na miaka elfu.

HITIMISHO

Walimu wenzetu walio Busia, Malaba na Tororo wana wanafunzi wa madhehebu yote katika darasa moja. Si kazi yetu kuwageuza. Lakini ni kazi yetu kuwapa vyombo vya kusomea: wajue kupambanua kabla na baada, wajue ya kuwa dhiki si lazima iwe Dhiki Kuu, waulize kama -ka- hii ni ya kuona au ya kutukia, watambue neno lililo katika maandiko na lile lililoongezwa pambizoni. Mwanafunzi mwenye vyombo hivi aweza kubaki Mpentekoste, Mwadventista, Mkatoliki au Mwislamu, akaitunza imani yake kwa ufahamu zaidi. Tena akikutana na mtu amtajiaye tarehe, atajua swali la kumwuliza.